Usiukate bado: lachi kupukutika si kufa

Umeuliza mambo mawili: mti wako wa lachi umegeuka manjano na kubaki mtupu, je, umekufa? Na ukiukata, mbao zake zitafaa kazi gani?

Naanza na la kwanza, maana mti ukishaangushwa haurudi. Lachi ni jamaa ya misonobari, una koni, yaani vile vitunda vikavu vyenye magamba, na majani membamba kama sindano, lakini tofauti na jamaa zake wengi hupukutisha majani yote kila baridi inapoingia. Kwaruza kijitawi kwa ukucha. Ukiona kijani kibichi chini ya gome, mti u hai. Tazama na vile vinundu vifupi vilivyojipanga kwenye tawi kama shanga: kila kimoja kitatoa kishada cha sindano laini. Ukikwaruza matawi kadhaa na yote ni makavu, ya kahawia, hapo ndipo pa kuwa na wasiwasi.

Huko kuvua majani ndiko kunakouokoa. Ardhi ikiganda, mizizi haipati maji, na mti usio na majani hauyapotezi mengi. Ndiyo maana huko Siberia, kwenye rasi ya Taimyr, lachi humea hata kupita latitudo ya 72 kaskazini, juu ya udongo ambao chini yake hauyeyuki kamwe. Usichoweza kuvumilia ni kivuli.

Sasa mbao. Hizi nimezishika miaka mingi na ninazipenda sana. Kiini chake ni chekundu-kahawia, kizito kuliko cha misonobari mingi, na kimejaa utomvu, kwa hiyo hustahimili mvua kuliko mbao nyingi za jamii hiyo. Ile sehemu nyeupe iliyo karibu na gome huoza upesi, itenge. Watu wa milima ya Alps huezekea nyumba kwa vigae vyake, na Scotland mashua nyingi za uvuvi ziliundwa kwa mbao za lachi. Mimi huzitumia kwa kuta za nje, uzio na vidaraja. Utomvu wa lachi wa Ulaya nao hutoa tapentaini ya Venice, kimiminika kizito ambacho wachoraji wamekitumia tangu zamani.

Lakini ni mbao zenye ukaidi. Ukuta wangu wa kwanza niligongelea misumari ya kawaida moja kwa moja. Ncha za mbao zikapasuka moja baada ya nyingine, na baada ya mvua chache kila msumari ukashusha mchirizi mweusi, kwa kuwa asidi zilizo ndani ya mbao hizo huchezeana na chuma. Nilibandua ukuta mzima. Tangu siku hiyo natoboa kwanza kwa keekee, kisha natia skrubu zisizoshika kutu. Ukipiga randa, futa utomvu kwenye kisu kwa tapentaini ya kawaida, ile nyepesi ya kuzimulia rangi, mara kwa mara. Na mti mchanga usiuamini: mbao zake hujisokota zikikauka, hivyo zipange kwa vijiti katikati na uzikandamize kwa uzito juu.

Kwa huo wako, subiri baridi iishe. Lachi huwahi kuchipua, na koni changa za kike hutokea nyekundu kama waridi, huzikosi. Miti mingine ikishavaa majani na wako bado mtupu, kwaruza tena, kisha pima unene wa shina kwenye usawa wa kifua uniletee kipimo, nikuambie utapata mbao za upana gani.