Kitufe Kiitike Kwanza

Wiki iliyopita mliuliza: mtengenezaji wa gemu mwenye fedha na muda mchache aweke nguvu wapi, kwenye picha au kwenye uchezaji? Mimi nasema uchezaji. Lakini wengi wanaojibu hivyo huichukulia picha kuwa pambo tu, na hapo sikubaliani nao.

Naendesha kibanda cha gemu hapa Kondele, Kisumu. Vijana hulipa kwa mechi, na anayelipa kwa mechi hana subira. Mtazame mikono. Akibonyeza kupiga shuti na mguu ukachelewa kidogo tu, atabonyeza tena, mara hii kwa nguvu, kisha ataigeuza pedi ya kuchezea aikague kama imeharibika. Hasemi neno kuhusu nyasi zilivyochorwa wala jasho linalong'aa shingoni mwa mchezaji. Nikimwekea toleo la zamani kwenye mashine kuukuu, lenye sura zisizotambulika lakini mpira unaotii, atakaa hapo mpaka nifunge.

Sababu yake ni hesabu. Gemu inayoonyesha picha 60 kwa sekunde ina takriban milisekunde 16.7 kwa kila picha. Katika muda huo mashine isome kitufe, ipime mpira umefika wapi na nani kamgonga nani, kisha ichore yote hayo. Kila kivuli na kila mmeto wa maji unakula humo humo. Ukizidisha mapambo, picha hushuka hadi 30 kwa sekunde, na kidole hulihisi hilo kabla jicho halijajua kuna nini. Kwenye simu ni vibaya zaidi. Simu ikipata moto hupunguza kasi yake yenyewe ili isiungue, na joto la mchana wa Kisumu halisaidii. Gemu iliyoanza ikiteleza vizuri huishia kukwamakwama mkononi mwa mchezaji, wakati aliyeitengeneza aliijaribu kwenye kompyuta yenye nguvu na hakuona tatizo lolote.

Historia nayo imeshasema. Tetris, gemu ya kupanga vipande vinavyoanguka, ilizaliwa Moscow mwaka 1984 kwenye Elektronika 60, kompyuta isiyoweza kuonyesha michoro. Mtunzi wake, Alexey Pajitnov, aliunda vipande hivyo kwa alama za mabano. Mchezo wenyewe ulikuwa tayari umekamilika. Mwaka 1989 Nintendo ilitoa Game Boy, mashine ya gemu ya kushika mkononi, yenye vivuli vinne tu vya rangi moja na betri nne zilizodumu. Game Gear ya Sega ilifuata ikiwa na rangi na taa ya skrini, lakini betri zake sita ziliisha baada ya saa chache. Game Boy iliiacha mbali kwa mauzo.

Sasa upande wa picha. Kazi yake ya kwanza ni kumwambia mchezaji kinachoendelea. Tazameni Team Fortress 2, gemu ya timu mbili kupigana risasi, ya mwaka 2007: ina aina tisa za wapiganaji, na kila mmoja amechorwa kwa umbo lake, hivi kwamba ukiona kivuli chake tu kwa mbali unajua ni nani na ukimbie au usimame. Hiyo ni fedha ya uchoraji iliyotumika kwenye uchezaji. Mchoraji wa namna hiyo ningemlipa mapema.

Najua nitajibiwa kwamba picha ndiyo inayouza, kwa sababu mtu hupakua gemu kwa kile anachokiona. Ni kweli, na si jambo dogo kwa kijana anayetafuta wanunuzi wa kwanza. Lakini Minecraft, gemu ya kuchimba na kujenga, imeuza zaidi ya nakala milioni 300 kwa vitalu vya mraba. Mtindo mmoja ulioshikiliwa mwanzo hadi mwisho unavutia, na haugharimu kama kuigiza uhalisia.

Kwa wale wa huku Kisumu, Kakamega na Nakuru wanaojifunza kazi hii: jengeni kwanza kwa masanduku ya kijivu, bila rangi wala nyuso. Mpeni mtoto wa jirani achezee kwenye simu ya bei ya chini, na msimwelekeze. Akishindwa kujua adui ni yupi, mwiteni mchoraji siku hiyo hiyo. Akimjua adui lakini akashindwa kumkwepa kwa sababu skrini haifuati kidole, mchoraji asubiri.