Maswali ya Wasomaji: Nichukue kozi gani ya hiari?

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa Moshi, nimemaliza kidato cha sita mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia), na mwezi wa nane naanza mwaka wa kwanza wa shahada ya sayansi ya afya huku Iowa, Marekani, kwa viza ya mwanafunzi, F-1. Ada wanalipa wazazi kwa kujinyima. Kinachonitesa ni kujisajili. Nyumbani ukishapangiwa PCB umepangiwa, hakuna wa kukuuliza roho yako inataka nini. Huku nimefungua orodha ya kozi za hiari nikakuta mamia: historia ya jazi, elimu ya nyota, lishe, istilahi za tiba, saikolojia, mpaka Kiswahili cha wanaoanza! Wenzangu wa Afrika Mashariki wanasema nichukue Kiswahili, ni A ya bure. Mjomba wangu aliye Texas anasema nijaze sayansi tupu nimalize haraka niingie udaktari. Mimi navutiwa na saikolojia, ila naogopa wazazi watasema nimevuka bahari kwenda kusomea porojo. Nichague vipi?*
N., Iowa

Marahaba mwanangu, na hongera sana. PCB ya kwetu si mchezo, nimeifundisha Tanga miaka mingi kabla sijaja huku kuwa mshauri wa wanafunzi, kwa hiyo najua unatoka wapi.

Chukua karatasi kwanza tuhesabu krediti, yaani vipimo vya uzito wa kila kozi, maana unauliza kama mtu mwenye nafasi tele. Shahada ya miaka minne huku kwa kawaida ni krediti 120, yaani 15 kila muhula. Muhula wa kwanza wa mtu wa sayansi ya afya huwa karibu na hivi: baiolojia krediti 3 na maabara yake 1, kemia 3 na maabara yake 1, halafu uandishi wa Kiingereza 3 ambao mwanafunzi mpya ni nadra kuukwepa. Hapo tayari ni 11. Hesabu ikiingia umefika 14 au 15. Orodha ni ya mamia, lakini nafasi yako ni moja, na huenda ukalazimika kuisogeza hesabu muhula wa pili ndipo uipate.

Sasa itazame hiyo maabara ya krediti 1. Kwenye karatasi ni kitu kidogo. Kwenye ratiba ni saa mbili au tatu mfululizo kila wiki, umevaa miwani ya kinga na koti, na ukirudi bwenini una ripoti ya kuandika. Vijana wetu wananaswa hapa kila mwaka: wanajumlisha krediti, hawajumlishi saa. Mimi nawaambia wachore wiki kabla ya kufungua orodha ya kozi. Jumatatu hadi Ijumaa. Weka maabara mbili. Weka kazi ya chuoni kama utaifanya, F-1 inakuruhusu hadi saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Weka kulala, kufua, na basi la Jumamosi la kwenda kununua chakula. Upenyo utakaobaki ndio utakuambia kama kozi ya hiari iwe ya kusoma kurasa mia kwa wiki au ya kusikiliza na kufanya mazoezi madogo.

Mjomba wako anakupenda, lakini hizo maabara hatazifanya yeye. Sayansi tatu zenye maabara katika muhula ambao bado unajifunza namna ya kumwelewa mhadhiri anayezungumza haraka, mimi siwezi kukushauri. Alama za sayansi za mwaka wa kwanza zinabaki kwenye rekodi, na shule za tiba huutazama wastani wa sayansi peke yake, mbali na wastani wa jumla. Kuna jambo jingine ambalo mjomba huenda hakukuambia. Huku udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza, na shule nyingi za tiba hazipokei kabisa mwombaji mwenye viza ya mwanafunzi. Zipo zinazopokea, ni chache, na ushindani wake ni mkali. Sikukatishi tamaa. Nataka tu nafasi yako moja isitumike kukimbilia mlango mmoja, wakati kuna fiziotherapia, famasia, afya ya jamii na uuguzi. Kumbuka pia kwamba shahada ya sayansi ya afya peke yake haikupi leseni ya kumgusa mgonjwa, huku wala nyumbani.

Saikolojia ichukue, bila kuogopa. Wazazi wakiuliza, waambie hivi: mtihani wa kuingia shule za tiba, MCAT, tangu 2015 una sehemu nne, na moja nzima ni ya saikolojia na sosholojia. Maswali 59, dakika 95, alama kati ya 118 na 132, sawasawa na sehemu ya kemia na fizikia. Programu nyingi za uuguzi na za fiziotherapia nazo zinaidai kama sharti. Kwa hiyo hiyo "porojo" ina mlango katika karibu kila njia ambayo unaweza kuishika. Muhula wa pili fuatisha takwimu, kwa sababu hiyo hiyo, na kwa sababu makala ya utafiti bila takwimu utakuwa unasoma muhtasari na hitimisho tu, katikati unaruka.

Ikipatikana nafasi mwaka wa pili, kuna aina moja ya kozi ninayoisukuma kwa kila Mwafrika anayekuja kusoma afya Marekani: maadili ya tiba, au historia ya tiba na Wamarekani Weusi, jina linategemea chuo. Sisi tunakuja na ngozi hii lakini hatuji na historia yao. Utakuwa kwenye mazoezi hospitalini, bibi mmoja Mmarekani Mweusi atakataa sindano au atakataa kutia saini karatasi ya utafiti, na wewe utadhani ni ubishi au kutojua. Kumbe kuanzia 1932 hadi 1972 Idara ya Afya ya Umma ya nchi hiyo iliwafuatilia wanaume Weusi 600 wa Kaunti ya Macon, Alabama, 399 kati yao wakiwa na kaswende, bila kuwaambia ukweli wa ugonjwa wao. Wenye kaswende walinyimwa penisilini hata ilipokwisha kuwa tiba ya kawaida. Huo ndio unaoitwa utafiti wa Tuskegee. Watoto na wajukuu wa watu wale wapo hai na wanaugua kama watu wengine. Hofu hiyo hutaisoma kwenye kitabu cha anatomia. Nimewaona wanafunzi wetu wakibadilika kabisa namna ya kuongea na mgonjwa baada ya muhula mmoja wa kozi kama hiyo, na inasomeka na mtu yeyote mwenye subira ya kusoma, haidai maabara wala kanuni.

Istilahi za tiba? Ruka kwa sasa. Ukija kusoma anatomia na fiziolojia utazikuta humo humo zikiwa na nyama. Lishe ni nzuri, nyepesi kiasi, na utacheka ukiambiwa uandike ulichokula siku tatu kisha programu ya kompyuta isiujue mchicha wa nazi. Kama unajijua ni mtu wa kukaa kimya nyuma ya darasa, tulivyofundishwa wengi wetu, tafuta ile ya kuzungumza mbele ya watu. Huku kuchangia darasani kuna alama.

Kiswahili cha wanaoanza, hapana. Idara nyingi zina kanuni: anayekijua haruhusiwi kukaa na wanaoanza, na mwalimu atakutambua ukisema "hujambo" mara ya kwanza. Cha kufanya ni kuuliza kama chuo kina mtihani wa upimaji wa lugha. Pale ambapo shahada inadai lugha ya kigeni, Kiswahili chako kinaweza kulimaliza sharti hilo bila wewe kukaa darasani hata siku moja, na upenyo huo ukaupeleka kwingine. Uliza pia kama wanatoa krediti zozote kwa cheti chako cha kidato cha sita. Kila chuo kina utaratibu wake, lakini asiyeuliza hapewi.

La mwisho kwako, na hili usilifanyie mzaha kwa sababu ni la viza. Mwenye F-1 lazima awe na krediti zisizopungua 12 katika muhula. Kozi ya mtandaoni inayohesabiwa ndani ya hizo 12 ni moja tu, yaani krediti 3. Kozi ya hiari ya mtandaoni inavutia, unaisoma ukiwa kitandani; ukichukua mbili, fanya hesabu upya. Na kozi ikikuelemea usiiache kimyakimya kwenye kompyuta usiku wa manane. Nenda kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Mwanafunzi mpya aliyekwama kwa sababu ya Kiingereza, au kwa kutozoea ufundishaji wa huku, anaweza kupewa ruhusa ya kupunguza mzigo, ila ruhusa itangulie, kuacha kozi kufuate. Ukigeuza mpangilio huo umejivunjia viza mwenyewe. Wiki ya kwanza ya masomo kwa kawaida unaweza kubadili kozi bila alama yoyote kwenye rekodi, kwa hiyo siku ile ile ukipewa mpangilio wa kozi, usome wote: mitihani mingapi, insha ngapi, tarehe zipi. Ukiona mtihani wa saikolojia umeangukia siku moja na wa kemia, tafuta mkondo mwingine mapema.

*Jambo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Uvira, nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, sasa niko Columbus, Ohio, na familia. Ninafanya kazi ya usiku kwenye ghala na nimeanza chuo cha jamii, kile cha miaka miwili. Nataka uuguzi, baadaye nihamie chuo kikuu. Kozi za hiari nichukue zile za mtandaoni zote? Kuna anatomia ya mtandaoni isiyo na maabara, ingenifaa kwa kazi yangu.*
B., Columbus

Jambo sana B. Wewe huna kifungo cha F-1, kwa hiyo mtandao unaweza kukusaidia kweli. Saikolojia, sosholojia, takwimu, zisome saa yoyote unayotoka ghalani. Anatomia isiyo na maabara iache. Programu za uuguzi kwa kawaida zinadai anatomia na fiziolojia yenye maabara, na utalazimika kuirudia kwa pesa na muda wako. Nyingi zinataka pia angalau C katika sayansi, na baadhi zinakataa kozi ya sayansi iliyosomwa miaka mingi nyuma, kwa hiyo usiianze anatomia leo kama uuguzi wenyewe utauomba baada ya miaka sita.

Kwa kozi nyingine, Ohio ina mpango uitwao Ohio Transfer 36: kozi za msingi za krediti 36 ambazo vyuo vya umma vya jimbo vimekubaliana kuzitambua mtu anapohama. Ukichagua kozi ya hiari, muulize mshauri swali moja: imo kwenye orodha hiyo? Ikiwa imo, chukua unayoipenda. Ikiwa haimo, awe na sababu nzuri ya kukuambia uichukue. Na ukipata ratiba ya muhula, mwonyeshe msimamizi wako kazini kabla ya kulipa. Mtu aliyetoka zamu saa kumi na mbili asubuhi hawezi kuishika kemia inayoanza saa mbili asubuhi.

*Kwa Mwalimu, salamu kutoka Eldoret. Kijana wangu yuko Chuo Kikuu cha Minnesota, Minneapolis, mwaka wa kwanza, anataka kuwa mtu wa afya. Ameniambia muhula huu anasoma kemia, baiolojia na NGOMA. Ngoma za Ghana! Nimeuza ng'ombe nikalipa karo ya dola ili mtoto apige ngoma? Tafadhali nisaidie kumkanya.*
Mzee K., Eldoret

Mzee wangu, shikamoo. Uchungu wa ng'ombe naujua, lakini kwa hili namtetea kijana. Shahada ya Marekani inamdai mwanafunzi, awe wa afya au wa uhandisi, asome pia sanaa na mambo ya jamii. Asipoyasoma hahitimu. Kundi la sanaa lazima aliguse mahali fulani, na akiligusa kwa ngoma muhula wenye kemia, amejitafutia mahali pa kupumulia. Kuhusu dola, chuoni kwake krediti zinazozidi 13 katika muhula mmoja haziongezi karo ya masomo. Kama amefikisha 13 kwa sayansi, Kiingereza na mengineyo, na ngoma imekuja juu ya hapo, haijakula ng'ombe hata mmoja. Mwambie akutumie orodha ya kozi zenye krediti zake ujionee mwenyewe.

Halafu kwenye simu ijayo muulize alipata ngapi kwenye mtihani wa kwanza wa kemia. Hapo ndipo wengi wao wanapoumia, na hawasemi nyumbani.