Meli ya Bukoba: Wahi Mwanza Siku Mbili Tatu Kabla

Likizo ikikaribia, ndugu na marafiki wanaokwenda Bukoba kwa meli huniuliza nauli. Mimi huwauliza kwanza: unaingia Mwanza lini? Wengi hupanga kushuka basi stendi ya Nyegezi, Mwanza, mchana na kupanda meli usiku huohuo. Nawasihi wasifanye hivyo. Basi likikwama njiani, meli haikungoji. Na hata ukiwahi, utapanda umechoka hoi, usingizi ukuchukue mpaka Kemondo, bandari iliyo karibu na Bukoba, usione chochote.

Siku hizi meli si lazima. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji, mabasi ya Bukoba hayapangi tena foleni ya kivuko. Anayepanda meli sasa ameamua kusafiri na ziwa. Basi alitengee ziwa hilo siku mbili tatu.

Ukishaweka mizigo gesti, nenda bandarini ukakate tiketi kabla ya lolote. MV Victoria, iliyorudi majini mwaka 2020 baada ya ukarabati mkubwa ikiitwa New Victoria Hapa Kazi Tu, ina uwezo wa kubeba abiria 1,200, lakini si wote watakaopata kitanda, na nafasi za kulala ndizo huwahi kwisha. Kama una mzee au watoto, usibahatishe. Beba kitambulisho, na ratiba iulize palepale dirishani. Ya kuambiwa na aliyesafiri mwaka jana huenda imeshabadilika. Gesti nayo tafuta mjini kati au Kirumba, ili siku ya safari usihangaike na foleni za barabarani.

Kisiwa cha Saanane nakipendekeza kwa asubuhi. Boti inatokea Capri Point na ni mwendo wa dakika chache tu. Kilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, kikawa hifadhi ya taifa mwaka 2013, na jina lake ni la Mzee Saanane Chawandi aliyekuwa akiishi humo. Utaona pimbi wakiota jua juu ya mawe, utaona swala. Mchana upepo wa ziwani huongezeka, ndiyo maana nasema asubuhi. Maji yasikushawishi kuoga, hasa ya karibu na ufuko, kichocho kipo.

Lakini siku ninayoithamini kuliko zote ni ya barabara ya Musoma. Panda daladala, ushuke Igoma. Hapo wamezikwa wengi wa waliokufa meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, ikitoka Bukoba kupitia Kemondo, ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza. Mamia ya watu. Kagera na Mwanza ni shida kupata ukoo usio na jina la marehemu wa siku hiyo la kutaja. Watu huniambia si vizuri kwenda makaburini kabla ya kupanda chombo. Mimi naona ndiyo heshima yenyewe: njia utakayopita usiku, wao waliipita. Simama kidogo, omba kwa dini yako, kisha endelea na safari.

Kutoka hapo daladala zinakwenda Kisesa, na Kisesa hadi Bujora ni karibu. Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement, Mkanada, yana ngoma za watemi ambazo peke yake zinatosha nauli yako. Wazee ukiwakuta, anza na "mwangaluka" kama bado ni asubuhi. Utakaribishwa kwa namna nyingine kabisa.

Kuhusu zawadi: mgeni akifika soko la Mwaloni, Kirumba, akaona magunia ya dagaa yalivyopangwa, mkono unamwasha. Anayekwenda Bukoba aache. Wenyeji wako nao wanakaa ziwani, dagaa wanao. Wapelekee mchele wa Usukumani, na michembe kidogo, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa ajili ya watoto. Kabla ya kulipia mchele, ingiza mkono hadi katikati ya gunia, maana wa juu ndio umepangwa kupendeza macho. Ung'ate punje moja: ikikatika kwa mlio, umekauka, ikipondeka kama unga mbichi, una maji, utakuwa na ukungu mapema. Nusa pia. Mchele mpya una harufu tamu ambayo haifichiki. Dagaa wanunue ukiwa unarudi nyumbani, na mikungu ya ndizi utakayopewa Bukoba iweke mbali nao.

Siku yenyewe ya safari usijipangie kitu kikubwa. Kula sato wako wa kuchemsha mchana na ugali, jioni kula chepesi, kwa sababu tumbo lililojaa na mawimbi havipatani. Sweta iwe juu ya begi, isiwe chini. Usiku katikati ya ziwa kuna baridi hata kama Mwanza umeshinda ukitoka jasho. Fika bandarini mapema, kabla msongamano wa mizigo haujaanza. Ukishaingia, usitandike kwanza. Muulize baharia majaketi ya kujiokolea yako wapi na yanavaliwaje, na watoto wako uwaoneshe kabla hawajalala.