Meza ya Fundi: Bastola moja, mitutu minne

SWALI: Shikamoo Mzee Fundi. Mjomba wangu alikuwa baharia, siku hizi anaishi Houston, Marekani. Majuzi kanitumia picha ya kisanduku chenye bastola moja aina ya Dan Wesson na mitutu minne, kuanzia mfupi hadi mrefu. Anasema anaibadilisha mwenyewe mezani. Nilipoonyesha picha barazani nilichekwa: mtutu wa bastola hautoki ila kwa fundi, tena kwenye jiliwa. Nani mkweli? Na je, ina maana bastola hiyo inakula risasi za kila saizi? Mjomba pia anataka nimtafutie mshikio wa mpingo. Msomaji, Chumbageni, Tanga.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Baraza lako halijakosea, ila linazungumzia bastola nyingine. Bastola nyingi za silinda (ile ngoma ya risasi inayozunguka) mtutu wake hukazwa kiwandani moja kwa moja kwenye fremu. Ukijitia kuung'oa kwa spana ya bomba unapinda fremu. Nimeletewa moja iliyopindwa hivyo, mwenyewe akiapa kwamba ilianguka tu kutoka kabatini.

Ya mjomba ni ukoo mwingine. Daniel B. Wesson, kitukuu wa yule Wesson wa kampuni ya bastola ya Smith & Wesson, alifungua kampuni yake mwaka 1968 huko Monson, jimbo la Massachusetts. Aliyebuni mtutu wa kubadilisha ni Karl Lewis. Mtutu wenyewe ni bomba jembamba lenye nyuzi za skrubu ncha zote mbili. Unausokota kwenye fremu, unauvisha ganda lake la chuma lenye ncha ya kulengea, halafu mdomoni unakaza nati kwa spana yake maalumu. Nati ikikaza, bomba linavutwa huku na huku kama waya wa zeze, halitikisiki ovyo. Ndiyo maana walenga shabaha waliipenda, hasa wale wa Marekani wanaoangusha sanamu za chuma za wanyama kutoka mbali. Seti iliyowapa watu wazimu ni ile ya kisanduku: mitutu ya inchi 2½, 4, 6 na 8, spana, na kijani, yaani jani dogo jembamba la chuma la kupimia nafasi.

Hicho kijani ndicho nataka tukae nacho kidogo. Kati ya silinda na kitako cha mtutu lazima ibaki nafasi, kwa kawaida inchi 0.006, yaani kama milimita 0.15. Ikizidi, moto na masizi vinatoka pembeni. Ikipungua, silinda ikipata joto na uchafu inagoma kuzunguka. Mwaka 1987 bwana mmoja wa shamba la mkonge, mwenye leseni yake, aliniletea Dan Wesson hapa Ngamiani. Kijani chake kilikuwa kimepotea. Mimi kwa ujuaji wangu nikapima kwa karatasi ya sigara, nikakaza nati, nikampa. Baada ya siku mbili karudi, viatu vimejaa vumbi jekundu, hataki hata chai. Alikuwa amefyatua raundi mbili za silinda, ya tatu ikakwama kabisa. Nikatoa fila (majani ya chuma ya kupimia nafasi) ya kusetia tapeti za injini ya Land Rover, nikatafuta jani lililoandikwa 006, nikaanza upya mbele yake. Likapita likikwaruza kidogo tu, kama wembe kwenye karatasi ngumu. Hakunilipa, na sikumdai.

Kuhusu saizi za risasi: hapana. Kinachobadilika ni urefu wa mtutu. Bastola ya .357 Magnum itakula pia .38 Special, lakini hilo linawezekana kwa .357 yoyote ya silinda. Mtutu wa .22 au wa .44 una bastola yake, na fremu ya .44 ni kubwa kabisa. Anayekwambia anachanganya, kaa naye mbali.

Wakusanyaji wanatazama nini? Kwanza kisanduku kiwe na spana yake na kijani chake. Pili, zile za mwanzo kabisa, nati yake inakaa nje mdomoni, za baadaye ikazamishwa ndani. Ganda la zile za mwanzo lina kipande kinachoegemea fremu ambacho Wamarekani wanakiita jina la kipande cha nyama ya nguruwe. Hapa barazani kwangu tunakiita "kile kipande".

Usije ukamwambia mjomba akutumie hata mtutu mmoja ndani ya begi la nguo. Kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kibali kinaanzia polisi, si bandarini.

Mshikio sasa, hapo umenigusa. Bastola nyingi zina chuma nyuma na mbele ya mshikio, mti unabandikwa ubavuni tu. Ya mjomba ina kijiti kimoja cha chuma. Mti mzima unachomekwa juu yake na kufungwa na skrubu moja kutoka chini, kwa hiyo mchongaji ana uhuru wa umbo lolote. Mpingo unafaa sana, lakini uwe umekauka kivulini muda mrefu. Ukitoboa mbichi utapasuka usiku ukiwa umelala, na utausikia. Ukikosa mpingo mkavu, msaji, yaani mtiki, wa msitu wa Longuza unavumilia zaidi, ingawa hauna ule weusi.

Mwambie mjomba avue mshikio wa zamani, aulaze juu ya karatasi, auzungushie penseli, kisha apime kijiti urefu na unene na kuandika pembeni. Pia aeleze kiganja chake kina upana gani. Picha ya simu asinitumie, inanenepesha kila kitu.