Siku ya tatu ya warfarini, mbona INR haipandi?

SWALI: Nina bonge la damu kwenye mshipa wa mguu. Nachomwa sindano za heparini na nimeanzishiwa vidonge vya warfarini, zote dawa za kuzuia damu kuganda. Leo ni siku ya tatu, INR (kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda) ni 1.3 tu, na daktari anataka ifike kati ya 2 na 3. Ndugu yangu anasema vidonge ni hafifu, niongeze kimoja na niachane na sindano.

JIBU: Usiongeze, na sindano usiziache. Kila wiki naletewa hoja hii: dawa imo mwilini, mbona haifanyi kazi? Warfarini yako ilishaingia kwenye damu saa chache baada ya kuimeza. Lakini haizigusi protini za kugandisha damu zilizokwisha kutengenezwa. Inachofanya ni kulinyima ini vitamini K inayohitajika kutengeneza nyingine zenye nguvu. Umefunga bomba, ila tangi bado lina maji.

Na hayo maji hayaishi kwa mwendo mmoja. Protini iitwayo faktari ya 7 hupungua nusu kwa takriban saa 6; protrombini, ambayo kupungua kwake ndiko hasa kunakokukinga, huchukua saa 60 au zaidi kufika nusu tu. Kibaya zaidi, protini C, inayozuia damu kuganda, nayo hushuka mapema, kwa hiyo siku za mwanzo damu inaweza hata kuelekea kuganda zaidi. Ndiyo maana sindano huendelea kwa angalau siku 5, na hadi INR ikae 2 au zaidi kwa saa 24.

Kidonge utakachojiongezea leo utaona matokeo yake kamili baada ya siku kadhaa, ukiwa umeshajiongezea vingine. Watu hufika hospitali wanakojoa damu, na wengine imevujia kwenye ubongo. Mshauri wao huwa hayupo.

Hawa wa “dawa nzuri huonekana siku hiyo hiyo” ndio pia wanaowaachisha wenzao dawa za sonona wiki ya pili, wakati nafuu huhitaji wiki kadhaa. Na kinyume chake hawakijui kabisa: aspirini hutoweka haraka kwenye damu, lakini chembe sahani (chembe za damu zinazosaidia kuganda) ilizozigusa hubaki zimelemaa hadi zife, siku 7 hadi 10. Unapokwenda kung’oa jino, usiseme tu “leo sijameza kitu”. Taja ulichomeza siku 10 zilizopita.