Kabla hujamrushia mtu toleo la majaribio

Mweka hazina wa kikoba chetu alifuta wanachama tisa kwa dakika mbili. Hakukosea, maana mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia, "Mama, bonyeza kila kitufe." Kumbe toleo la majaribio la programu yetu ya kikoba nililomtumia kwa WhatsApp lilikuwa linasoma hifadhidata ile ile ambayo wenzake wanarekodia hisa kila Jumamosi. Usiku ule nilikesha nikirudisha majina kutoka kwenye kaunta buku.

Siku hizi kwenye mradi wa Android naanza na build.gradle, faili la maelekezo ya kuunda programu, hata rangi za skrini zinasubiri. Natenganisha toleo la kweli na la majaribio. La majaribio nalipa applicationIdSuffix ya ".beta" (nyongeza mwishoni mwa kitambulisho cha programu), anwani ya seva yake lenyewe na aikoni yenye utepe mwekundu. Yote mawili yanakaa kwenye simu moja bila kugombana. Kama kuna malipo ya simu ndani yake, funguo za kuunganishia huduma ya malipo nazo ziwe za mazingira ya majaribio, hela ya watu haichezewi.

Ila kuna mtego. Kitambulisho kikibadilika, kwa Play, duka la programu la Google, hiyo ni programu nyingine kabisa. Kwa hiyo la ".beta" nagawa mwenyewe, na linalopanda Play kwa majaribio hubeba kitambulisho cha kweli, ambacho ukishachapisha hukibadilishi tena. Kwenye hilo la Play nimewafungulia wajaribu kikoba cha bandia, wafute watakavyo. versionCode, namba nzima ambayo Play hutofautishia matoleo, ipande kila unapopakia, hata kama umerekebisha herufi moja tu. Ukirudia namba, Play inakataa.

Kilichonitoa jasho hasa ni watu. Ukiwa na akaunti binafsi iliyofunguliwa baada ya 13 Novemba 2023, Google wanataka wajaribu wasiopungua 12, waliojiunga kwa siku 14 mfululizo, ndipo uombe kuchapisha kwa umma. Mwanzoni walitaka 20. Watu 12 kwenye kikoba hawakosekani. Kazi ni imeili zao! Wengi akaunti zao zilifunguliwa na fundi wa dukani au mtoto aliyeko chuo, na imeili wanayokutajia siyo iliyomo kwenye Play Store. Mmoja aliapa hana imeili kabisa. Nikaomba simu, nikafungua Play Store, nikagusa kile kiduara cha juu kulia: ipo, ina jina la mpwa wake. Tangu hapo simwombi mtu anitajie imeili, namwomba picha ya skrini ya pale. Na andikisha hata 16, kuna atakayejitoa na kuna atakayeuza simu.

Kwa iPhone sikuhangaika sana, ila toleo la TestFlight, huduma ya Apple ya kujaribishia programu, hufa baada ya siku 90, kwa hiyo weka alama kwenye kalenda.

Halafu andika namba ya toleo chini ya skrini ya kwanza, kwa herufi zinazosomeka. Sasa mweka hazina akinipigia, salamu hazijaisha ameshaanza: "Mwanangu, hii moja nukta nne nukta mbili yako haifungui hisa."