Matone ya rangi yaliyokaukia kwenye robine, bawaba na antivoli

Yaya, umeuliza namna ya kutoa matone ambayo fundi rangi ameacha kwenye robine, bawaba na antivoli (vyuma vya kuzuia wezi) za dirisha, na kama pamba ya chuma inafaa. Haifai. Inakwaruza kromu, na kwenye sinki ya inoksi inaacha vipande vidogo vya chuma ambavyo vinashika kutu, utadhani sinki yenyewe inaoza. Mchanga wetu mweusi wa volkano ni vilevile.

Jua kwanza ni rangi gani. Lowesha kitambaa cheupe kwa alkoli ya famasi, bonyeza juu ya tone dakika 2, sugua. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, ni ya maji. Ikikataa, karibu kila mara ni ya mafuta.

Ya maji haisumbui: kitambaa chenye maji ya moto na sabuni kikae robo saa, tone livimbe pembeni, ulisukume kwa ukucha au kipande cha plastiki.

Ya mafuta iliyokaa wiki kadhaa, diluan ya kawaida (ile ya kuzimulia rangi) inaipapasa tu. Chukua asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha. Weka pamba iliyolowa juu ya tone, funika na kipande cha sasheti isiruke hewani, ngoja dakika 5. Asetoni isiguse sehemu za plastiki za robine, inaziyeyusha. Kwenye antivoli itakula pia rangi ya chini, kwa hiyo pale kwaruza taratibu kwa plastiki, ukishindwa paka upya. Na mbabula itoke nje kabisa: mvuke wa asetoni ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini mpaka kwenye makala yenye moto, unawaka.

Bawaba na skrubu zifungue. Sufuria kuukuu, maji litre 1, bikarbonati vijiko 2 vya supu, zichemke polepole nusu saa. Huku Goma maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, basi ongeza dakika 10. Zitoe kwa koleo, sugua zikiwa bado moto kwa mswaki wa zamani. Rangi inabanduka kama ngozi ya maharagwe. Aluminiyumu usiichemshe hivyo, inageuka nyeusi. Sufuria hiyo isirudi jikoni, maana rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi (madini yenye sumu), na kwa sababu hiyo hiyo usizipige msasa zikiwa kavu.

Zikaushe papo hapo, tia tone la mafuta ya mashine kwenye pini, ndipo uzirudishe mlangoni.